Sauti za Busara nilivyoiona ikianza

Vijana wa Baraka, mji wetu wa Fizi huku Kongo, wanaotaka kuanzisha tamasha la muziki hapa mjini huniuliza kwanza habari za wafadhili. Mimi huanza na kiingilio. Nilikuwepo Unguja Februari 2004, tamasha la muziki la Sauti za Busara lilipofanyika kwa mara ya kwanza, na niliyoyaona pale sijayasahau.

Vita vya 1996 vilitutawanya watu wa Fizi. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakaishia katika kambi za Lugufu na Nyarugusu. Mimi nilikuwa na ndugu Ujiji. Kutoka kwao nikashuka Dar es Salaam, kisha Unguja, nikapata kibarua cha kubeba spika na kutandaza nyaya. Kazi sikuwa mgeni nayo: katika kwaya yetu Baraka nilipiga gitaa la besi, na amplifaya tuliiwasha kwa betri ya gari.

Busara Promotions, waandaaji wa tamasha hilo, ilikuwa imeundwa mwaka uliotangulia, ikiongozwa na Yusuf Mahmoud, mtu aliyekwisha kushughulikia muziki wa ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililoanza 1998. Mahali palikuwa Ngome Kongwe, ile ngome ya Waarabu wa Omani inayotazamana na Forodhani. Siku zile msanii kupanda jukwaani na CD yake, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, halikuwa jambo la ajabu. Sauti za Busara ilishikilia kwamba muziki upigwe palepale, kwa mikono na koo za watu. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoijenga. Vijana wa Bongo Fleva waliotaka kuingia walilazimika kutafuta mpiga ngoma, mpiga gitaa na chumba cha mazoezi, na wazee wa taarabu, waliokuwa na ujuzi huo tangu zamani, wakaanza kutafutwa tena.

Namkumbuka mzee mmoja mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Tulikuwa tunapima sauti mchana, jua kali, fundi wetu ana haraka. Mzee akaiweka kanuni mapajani, akachukua ufunguo wake mdogo wa shaba na kuanza kukaza uzi mmoja baada ya mwingine, nazo nyuzi ni zaidi ya 70. Hewa ya bahari ilikuwa imeilegeza yote. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, maana zile za kwanza zilikuwa zimeshuka tena. Fundi aliacha kulalamika, akakaa chini, akasikiliza. Nilipofunga kipaza sauti karibu na mbao zile ndipo nilipojua kwamba katika kwaya yetu tulikuwa tunapiga kwa nguvu tu, bila kusikilizana.

Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipanda jukwaa la Sauti za Busara miaka mingi, ngoma ikiwa imefungwa kiunoni, hadi karibu na kifo chake Aprili 2013. Wageni walikuja kumwona yeye, hasa baada ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Lakini waliojaza uwanja ni wenyeji, akina mama waliojifunga mabuibui na watoto usingizini mabegani. Tiketi ya Mtanzania ilikuwa rahisi kuliko ya mgeni, na maandamano ya ufunguzi yalipita mitaani na beni, matarumbeta mbele, hata asiye na senti akapata sehemu yake.

Fedha zina nguvu zake, sikatai. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, na mji uliumia: nyumba za wageni, madereva wa teksi, wauza urojo, na sisi vibarua wa nyaya. Liliporudi Februari 2017, watu walilipokea kama kitu chao kilichokuwa kimepotea.

Huku kwetu Kongo nako, Goma ilianza Tamasha la Amani Februari 2014, uwanjani Collège Mwanga, miezi michache baada ya waasi wa M23 kushindwa mwaka 2013. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba vita vinazuia tamasha. Baraka ina kwaya zisizohesabika, ina wapiga ngoma wa Kibembe wanaojua kazi yao, ina jenereta za kukodi. Nimewaambia vijana waweke kiingilio ambacho muuza ndakala wa sokoni anaweza kukitoa bila kugusa mtaji wake, na ngoma zianzie sokoni kwenda ufukweni kabla taa yoyote haijawashwa jukwaani.