Ufa Chini ya Rangi

Ndugu msomaji,

Huenda ukashangaa kumwona mzee kama mimi, fundi seremala aliyekwisha kuweka randa chini, akikuandikia habari za meli ya kuchezea. Nakuomba usifunue ukurasa mwingine kwa haraka. Meli yenyewe ni fupi kuliko mkono wangu toka kiwiko hata ncha za vidole, lakini imenipeleka safari niliyokuwa nikiikwepa kwa muda wa miaka arobaini. Nikikwisha kukusimulia, wewe mwenyewe utapima kama nilikupotezea wakati.

Mwaka jana mwanangu aliyeko Uingereza alimletea mpwa wake, yaani mjukuu wangu ninayeishi naye hapa Hamugembe, Bukoba, sanduku la kadibodi. Mtoto ana miaka kumi na minne. Alilifungua kwa furaha akidhani atakuta meli, akakuta vipande. Vilikuwa vya rangi ya maziwa yaliyoganda: mwili wa meli, sitaha, dohani, mlingoti uliopinda kama mkia wa mbuzi, na vidude vingine vidogo kama punje za mtama. Pamoja navyo ilikuwako karatasi moja ya maelezo. Kipimo kiliandikwa 1:350, maana yake kila sentimita moja ya mfano ni mita tatu na nusu za meli halisi. Meli kama Liemba ya Ziwa Tanganyika, yenye urefu wa mita 71 hivi, kwa kipimo hicho ingekuwa na urefu wa sentimita 20 tu.

Vipande hivyo ni vya resini. Hii ni plastiki ya namna yake. Huchanganywa maji mawili tofauti, yakamiminwa katika kalibu ya mpira wa silikoni, na baada ya muda mfupi yakawa kitu kigumu. Kalibu ya mpira haidumu. Baada ya kutumika mara kadhaa huanza kuchanika. Kwa hiyo vitu vya resini hutengenezwa vichache, tena kwa mikono, na kila kimoja huja na kasoro zake: vitundu vya povu, utando mwembamba pembezoni, na vishina vilivyobaki pale resini ilipomiminwa. Anayenunua hanunui kitu kilichokamilika. Ananunua kazi.

Mtoto alikata tamaa. "Babu, wametuletea meli iliyovunjika," akasema. Nikacheka, nikamwambia kwamba meli kubwa za ziwa letu nazo zilikuja hivyo hivyo. Ile William Mackinnon, iliyoshushwa majini Kisumu mwaka 1900, iliundwa Scotland ikaletwa vipande vipande. Victoria, tuliyoizoea sana katika bandari yetu hii, nayo iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa tena Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Baada ya kusimama kwa miaka mingi ilifanyiwa matengenezo makubwa, ikarudi majini mwaka 2020. Na Liemba, ambayo Wajerumani waliiita Graf von Goetzen, ilitoka kwao mwaka 1913 ikiwa katika masanduku yapatayo elfu tano, ikapanda gari moshi hadi Kigoma. Basi nikamwambia, "Mjukuu wangu, usidharau sanduku la vipande. Babu zako walivuka maji kwa masanduku kama haya."

Tukaanza kazi. Jambo la kwanza lililoandikwa katika karatasi lilikuwa kuosha. Mtoto hakuelewa kwa nini kitu kipya kioshwe. Nami sikuelewa, mpaka mjomba wake alipotueleza kwa simu. Kalibu hupakwa mafuta ili kitu kisinate ndani yake, na mafuta hayo hubaki juu ya resini yasionekane kwa macho. Ukipaka rangi bila kuosha, rangi itakaa vizuri siku mbili tatu, kisha itabanduka kama ngozi ya nyoka. Tukatia maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo katika beseni, tukasugua kila kipande kwa mswaki wa zamani, tukavianika juu ya kitambaa.

Kisha tukakata vishina kwa msumeno mwembamba na kuvisawazisha kwa msasa. Hapa nilijifunza jambo ambalo kwa mbao sikulizingatia kamwe. Vumbi la resini lina madhara likivutwa kifuani, kwa hiyo msasa sharti ulowe maji, mtu avae barakoa, na dirisha liwe wazi. Mlingoti uliopinda tuliutia katika maji ya moto, ukalegea, tukaunyosha juu ya kioo, tukaushika hivyo katika maji baridi mpaka ukakubali kuwa mnyofu. Gundi nayo ina siri yake. Ile ya vifaa vya plastiki ya kawaida hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki, lakini resini haiyeyuki kwayo. Hutumika supagluu, au gundi ya kuchanganya vichupa viwili. Na kabla ya gundi, kila kipande hujaribiwa kikavu mahali pake, mara mbili, mara tatu. Sisi maseremala tunaijua sheria hiyo: ulimi wa mbao ujaribiwe katika tundu lake kabla ya kupakwa gundi.

Jioni ya siku ya nne tulipindua mwili wa meli, na karibu na tezi, upande wa chini, tukaona ufa. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umeanzia penye kitundu cha povu. Nikaingia ndani kuswali Magharibi. Niliporudi nilimkuta mtoto ameshika brashi, na ufa hauonekani. Ameupaka rangi.

"Mbona umepaka kabla ya kuziba?" nikamwuliza.

"Babu," akasema bila hofu yoyote, "nani atakayeipindua meli aangalie chini?"

Ndugu msomaji, mtoto alisema neno la kitoto, lakini mimi nilikaa kitini kama mtu aliyepigwa. Neno lile nililijua. Nilikwisha kulisema mimi mwenyewe, moyoni, mwaka 1984, katika ufuko wa Muleba unaoelekea kisiwa cha Bumbire.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, fundi wa mitumbwi ya mbao. Jamaa mmoja aliniletea mtumbwi wake niutengeneze kabla ya siku za giza, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Niling'oa mbao mbovu, nikatia mpya za mvule. Nilipokuwa nikipigilia ubao wa tatu toka chini, upande wa kushoto karibu na tezi, ukalia. Nikatazama, nikaona umepasuka kwa urefu wa kiganja. Ubao mwingine ulikuwa kwa mpasuaji mbao, mwendo wa nusu siku, na bei yake ingekula ujira wangu wote. Nikaingiza pamba katika ufa, nikaikandamiza kwa patasi, nikapaka rangi mara mbili. Nikasema moyoni, nani ataangalia chini? Nikapokea fedha zangu, nikamwambia mwenye mtumbwi kwamba kazi imekamilika.

Usiku wa nne walitoka watu watatu. Karibu na alfajiri, wakirudi wamejaa dagaa, mtumbwi uliingia maji kwa ghafla ukazama. Alhamdulillahi, wote watatu waliokolewa na wavuvi wenzao kulipokucha, wameng'ang'ania makasia. Lakini wavu ulipotea, taa zilipotea, mtumbwi ulipotea. Watu wakakaa chini kutafuta sababu. Aliyeshika kasia la usukani alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na mahali pale pana miamba. Ikaamuliwa kwamba aligonga mwamba. Mimi nilikuwapo katika kikao kile. Niliulizwa kama fundi, nikajibu kwamba mbao zangu zilikuwa mpya. Halikuwa neno la uwongo, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Kijana yule alifanya kazi misimu miwili bila fungu lake, akilipa wavu. Watu wakamwita Mwamba. Jina likamganda, hata wanawe wakaitwa watoto wa Mwamba. Mimi nikahamia Bukoba mjini, nikaacha mitumbwi nikashika milango na vitanda.

Sitaki kukuficha hata hili. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka bandari yetu ikapitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Hapakuwa na mtaa usiokuwa na matanga. Meli ile ilikuwa na nafasi ya abiria 430, nayo ilipakia zaidi ya hao. Tulikaa barazani tukilaani waliopakia kupita kiasi, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi. Nilisema watu wa namna ile hawana hofu ya Mungu. Nikarudi nyumbani, na usiku ule niliusikia ule ubao wa mvule ukilia chini ya nyundo.

Basi baada ya neno la mjukuu wangu sikulala. Ijumaa iliyofuata nilipanda basi la Muleba. Mwenye mtumbwi alikwisha kufariki. Lakini Mwamba nilimpata karibu na Nshamba, ana shamba la migomba na mibuni, mvi zimemjaa. Aliponiona alisimama akaniamkia, "Shikamoo, kaka." Kuitikia "marahaba" siku ile kulinitia aibu kuliko matusi yote ninayoyajua. Akaniletea kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya kwetu. Nikaiweka mkekani, nikamwambia neno lililonileta kabla sijala kitu chake.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akanyamaza kitambo, kisha akauliza jambo moja tu: "Ubao upi?"

"Wa tatu toka chini, upande wa kushoto, karibu na tezi."

Akatazama mikono yake. "Kaka," akasema, "mimi nilikwisha kuukumbuka ule mwamba. Waliniambia nimeugonga, nikakataa. Wakaniambia tena, mwisho nikawa nausikia kabisa, upande wa kulia. Nimewasimulia wanangu jinsi nilivyougonga."

Naam, ndugu msomaji. Mimi miaka yote nilidhani nimeficha ufa wa ubao. Kumbe nilikuwa nimempasua mtu, akabeba kosa langu mpaka likawa kumbukumbu yake mwenyewe. Hili ndilo nililotaka ulijue. Ufa ukifichwa haukai pale ulipofichwa. Hutembea ukatafuta asiye na hatia.

Nilimwomba anisamehe. Alisema atanijibu baadaye, lakini kwanza niseme maneno yale yale mbele ya wanawe. Akawaita, wakaja watatu na wajukuu wawili, nikayasema yote tena nikiwa nimesimama. Kisha nikamwambia nitamlipa misimu ile miwili. Hakukataa, nami nashukuru kwamba hakukataa, maana msamaha usiorudisha haki ni nusu ya msamaha. Niliuza mbao za mvule nilizojiwekea kwa kazi ya mwisho ya uzee wangu, nikampelekea fedha. Siku ile ndipo aliponipa mkono.

Niliporudi Hamugembe nilimweleza mjukuu wangu habari yote bila kupunguza. Hakusema kitu. Alichukua msasa akaikwangua rangi yake mwenyewe mpaka ufa ukaonekana. Akaupanua kidogo kwa ncha ya kisu ili kiraka kishike, akaujaza, akaacha ukauke, akasawazisha kwa msasa wa maji. Kisha tukapaka rangi ya awali, ile ya kijivu. Hapo nikajifunza jambo la mwisho. Rangi ya kijivu haipakwi kwa uzuri. Pamoja na kuifanya rangi ya juu ishike, hufichua: kila mkwaruzo na kila kitundu kilichotukwepa kilijitokeza wazi. Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu mtoto alipitisha kidole chini ya meli, akasema, "Sasa, Babu, mtu akitaka aipindue."

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na tena kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hizi tunazifundisha watoto shuleni, na sisi wenyewe tunashika brashi. Basi nakuuliza wewe, ndugu yangu, kama nilivyoulizwa mimi na mtoto bila yeye kujua. Ikiwa wewe ni fundi, kuna nini chini ya plasta uliyoipiga? Ikiwa ni mwenye duka, mizani yako ikipinduliwa itaonekanaje? Ikiwa ni mwalimu au karani, yuko nani anayebeba jina la Mwamba kwa sababu wewe ulinyamaza kikaoni?

Kama yupo, usingoje miaka arobaini. Mwenye mtumbwi sikumdiriki. Kwake nimebaki na deni nisiloweza kulipa kwa mkono wangu. Nenda angali hai, sema ubao upi, na rudisha ulichochukua. Mwenyezi Mungu atupe ujasiri wa kukwangua rangi zetu wenyewe kabla hazijakwanguliwa na mwingine.

Meli yetu iko juu ya kabati. Wageni huisifu kwa dohani lake jekundu. Mjukuu wangu huwaacha wamalize kusifu, kisha huishusha, huipindua, akawaonyesha chini.