Kalipa Nyekundu Hazisimamishi Gari

Kuna video moja sijawahi kupost. Ni sekunde kumi na moja tu. Binamu yangu wa miaka 16 anacheka, halafu anaacha kucheka, halafu unaona vumbi, mbingu na mtaro. Aliyekuwa ameshika usukani ni mimi.

Mkiwa mmenifuata kwa muda mnaijua hiyo gari. Mimi na fundi mmoja huku Ruai tuliijenga kuanzia zero. Shasi ni vyuma vya mraba tulivyochomelea wenyewe, na nyuma ya viti tukaweka injini na giaboksi ya Toyota, ile aina inayovuta na magurudumu ya mbele. Haina namba na haigusi barabara, ni ya kiwanja tu. Lakini kitu watu walipenda zaidi kwa picha zangu ni zile kalipa nyekundu zikionekana ndani ya rimu za nyuma. Nilizipaka rangi mwenyewe. Sitadanganya, nilijiona.

Shida ni kwamba hizo zilikuwa breki za mbele. Tulipohamisha injini nyuma, tulihama na habu zake na breki zake zote. Mbele nako tukaweka breki za kigari kidogo. Kwa hivyo nyuma tulikuwa na diski ya milimita 255 na pistoni ya 54, na mbele diski ya 238 na pistoni ya 48. Fundi aliniuliza mara mbili, "Kijana yangu, hii nyuma uko sure nayo?" Nikamwambia breki kubwa ndio breki. Na hendibreki haikuwepo, juu kalipa za mbele hazina hiyo kitu. Tukipaki tulikuwa tunaweka jiwe chini ya tairi kama makanga.

Siku ya video tulikuwa kwa kiwanja cha murram, kama 50 kwa saa. Nikakanyaga breki. Tairi za nyuma zikafunga kwanza, mkia ukaamua kupita kichwa, na tukazunguka. Tulisimama hatua mbili kutoka kwa mtaro. Binamu yangu alishuka akacheka tena. Mimi nilibaki kwa kiti, miguu imekataa.

Usiku huo ndio nikaanza kusoma, kitu nilifaa kufanya mwanzo. Gari ikifunga breki, uzito unakimbia mbele. Hii unaijua: dere wa matatu akikanyaga ghafla, nyote mnaenda na viti vya mbele. Tairi za nyuma zinabaki nyepesi, kwa hivyo zinataka breki kidogo. Zile za mbele zikifunga kwanza, gari inaenda moja kwa moja na usukani haufanyi kazi. Si poa, lakini za nyuma zikifunga kwanza, gari inakugeukia.

Sasa, mafuta ya breki yalikuwa yanasukuma pistoni zote kwa presha moja. Tofauti ilikuwa inaletwa na ukubwa wa pistoni na wa diski. Nikachukua 54 mara 54, nikagawanya kwa 48 mara 48. Nikapata karibu 1.27. Ukiongeza na ile diski kubwa, nyuma yangu ilikuwa inashika karibu theluthi moja zaidi ya mbele. Nilikuwa nimejenga gari ya kuzunguka, na nikaipaka rangi.

Nilienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikanunua kalipa mbili za nyuma zilizotumika. Pistoni ya 34, na hendibreki iko ndani yake. Nikarudi nyumbani najisikia nimemaliza. Wapi! Hizo kalipa ni za diski nyembamba ya milimita 10, na diski zangu zilikuwa zile nene zenye matundu ya hewa katikati, milimita 22. Haziingii hata ukiombea.

Nikarudi kutafuta diski. Hizi nazo zikaingia kwa habu, matundu manne sawa, lakini zikakaa milimita 6 ndani kuliko katikati ya kalipa. Fundi hakusema kitu. Alichukua chuma kinene, akakata breketi mpya, akapima, akatoboa, akapima tena, mpaka diski ikapita katikati kabisa na pedi zikalala zote kwenye uso wa diski bila kuning'inia pembeni.

Hata hapo nilikosea tena. Nilifunga kalipa ya kushoto upande wa kulia. Ile nati ya kutoa hewa ikaangalia chini, na hewa hukaa juu. Tulitoa hewa jioni nzima na pedali bado ilikuwa laini kama sponji.

Kwa hivyo kama unajenga yako, maoni yangu ni haya: usinunue kalipa leo na diski kesho. Toa zote kwa gari moja. Ukishindwa, nenda na vipimo: upana wa diski, unene wake, kina chake kutoka kwa habu, nafasi ya matundu na tundu la katikati. Halafu linganisha pistoni za nyuma na za mbele kabla hujatoa pesa. Na ujaribu ukiwa peke yako, pole pole, mahali hakuna mtu. Hiyo ya mwisho ndio inanisumbua mpaka leo, juu diski unaweza kubadilisha.

Kalipa mpya ni ndogo, zina kutu kidogo, na kwa picha hazionekani. Hakuna mtu amezisifu. Gari inasimama ikiangalia mbele, na nikivuta hendibreki haihitaji jiwe.

Binamu yangu bado anapenda kubebwa. Lakini siku hizi hapandi kabla hajainama akasukuma ile pedali kwa mkono, mara mbili. Sijamwambia aache.