Alama ya Kutoa

Nilimtuhumu mweka hazina wa chama chetu kwamba pauni 300 zimepotelea mikononi mwake. Hazikupotea. Nilizikosea mimi, kwenye programu niliyoiandika kwa majivuno mengi.

Sisi ni Waswahili wachache hapa Castle Vale, mtaa wa Birmingham uliojengwa miaka ya 1960 juu ya uwanja zilikojaribiwa ndege za Spitfire wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Tunachanga, tunakopeshana, na msiba ukitokea tunatuma rambirambi nyumbani. Miaka yote hesabu ilikaa kwenye daftari la mweka hazina, dada yetu. Nikaona ushamba, nikatengeneza programu ya simu kwa lugha ya Kotlin.

Hesabu ya salio ilikuwa ndefu, nikaikata mistari miwili. Juu niliandika salio = michango + marejesho; chini yake, - rambirambi. Nilizoea Java, ambayo husoma mpaka ikutane na nukta-mkato, hata ukishuka mistari kumi. Kotlin haisubiri. Mstari wa juu ukijitosheleza, inaufunga; wa chini inausoma kama hesabu nyingine, rambirambi yenye alama hasi isiyotumika popote. Rambirambi haikutolewa, na salio likazidi kwa pauni 300. JavaScript ingeiunga mistari hiyo. Go ingegoma. Python ingenyamaza vilevile, mradi mistari yote miwili ianzie usawa mmoja. Na dawa yenyewe ni ndogo mno: alama ya kutoa ibaki mwishoni mwa mstari wa juu, au hesabu nzima iingie kwenye mabano.

Ila ninachoungama si kutojua. Kihariri kiliipigia mstari ile alama, kunionya kuwa haina kazi. Nikakipuuza kama kawaida yangu. Na kikaoni dada aliniuliza wazi: "Mdogo wangu, hela za msiba wa Tanga umezitoa?" Nikamjibu, wazee wakisikia, kwamba kompyuta haiibi.

Usiku nilipoufungua msimbo nimtafutie ushahidi zaidi, ndipo nikaiona. Asubuhi nilikwenda kwake. Hakunifokea. Alisema tu kwamba neno lilitamkwa kikaoni, basi likafutwe kikaoni.

Kikaoni nikasimama, nikaanza kueleza habari za mistari na mabano. Mzee mmoja akanikatiza: "Dada yako umemwomba radhi?" Nilikuwa bado. Nikamgeukia, nikamwomba. Kisha wakakubaliana hesabu irudi kwenye daftari.