Nusura Niue Injini

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini kusema kwenyewe si rahisi.

Mjomba wangu ana pikipiki ya mashindano ya cc 125, ya mipigo miwili. Pistoni yake hailainishwi na oili ya chini kama ya bodaboda. Oili huchanganywa na petroli, mililita 125 kwa lita 5. Ikikosa, pistoni hupata moto ikakwama ndani ya silinda.

Ijumaa jioni tuliitayarisha. Mjomba alikaza cheni, akasafisha kichujio cha hewa, akanionyesha plagi. "Ikiwa rangi ya chai, sawa. Ikiwa nyeupe, inaungua." Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuchanganya petroli.

Kesho yake tukafika Jamhuri Park, Nairobi. Vumbi lilikuwa linatimka. Nilipomaliza kujaza tangi, nikatia mkono mfukoni. Lo! Kikombe cha kupimia oili kilikuwa kikavu. Jana niliitwa nishike tochi, nikasahau!

Ninyamaze? Mjomba alishainua mguu apige kiki.

"Mjomba, ngoja! Sikutia oili."

Alinitazama kitambo. Nilingoja kofi. Badala yake alimwaga petroli yote mtunguni, tukapima upya. Raundi ya kwanza ikatupita hivi hivi. Ya pili alizunguka, moshi wa samawati nyuma yake, nami nikapumua.

Njiani akaniambia, "Leo umeniokolea injini."

"Si mimi niliyetaka kuiua?"

Tukacheka. Wenzangu, aibu yangu ilikuwa ya dakika moja. Injini iliyokwama ingemgharimu Mjomba miezi.