Bakuli la Bibi

Napenda niwaeleze wanafunzi, na wenzangu tuliosoma hapo zamani, habari za bakuli moja lililotaka kuleta ugomvi nyumbani kwetu Kampala.

Bakuli hilo Bibi alikuja nalo kutoka Lamu alipoolewa. Lina maua mekundu na majani ya kijani, na jamaa wote walishika neno moja: ni kauri ya China, na masultani walilia pilau ndani yake. Mwaka juzi mjomba akadaiwa fedha nyingi za hospitali. Mnunuzi wa vitu vya kale akaliona, akataja bei ya kumaliza deni lote, kwa sharti apewe hati kuwa ni la China. Kwa kuwa nilisoma historia, ikasemwa niandike mimi.

Nikasema, ngojeni kwanza nilitazame.

Kauri ya China si ngeni pwani. Huko Gedi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vyake vilipatikana kwa wingi, na Kunduchi watu wa kale walipachika sahani za Kichina katika nguzo za makaburi. Basi maneno ya jamaa hayakuwa ya kipuuzi. Lakini kauri ya kweli ukiiinua mbele ya taa, mwanga hupenya palipo pembamba. Ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Hili letu lilizuia mwanga kabisa, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya chungu.

Nikaligeuza. (Atakaye kujua chombo asidanganywe na maua, atazame kitako.) Kitako kilikuwa kimefunikwa na chokaa ngumu kama jiwe. Nikaweka pamba yenye siki katikati tu, usiku kucha, na asubuhi ukatokea muhuri: mnyama mwenye kichwa cha mtu, jina la Petrus Regout, na mji wa Maastricht, Uholanzi. Kiwanda hicho kilianza kufinyanga katika miaka ya 1830, na mabakuli ya maua ya Maastricht yaliuzwa sana pwani yetu. Tena muhuri ulitaja nchi, desturi iliyoenea baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 1890 kutaka bidhaa za kigeni zionyeshe zilikotoka. Masultani wa hadithi yetu hawakuliona.

Na chokaa je? Hakuna alaye pilau katika bakuli lililojengewa ukutani. Lilikuwa pambo tangu mwanzo.

Mjomba aliposikia akasema, "Andika tu, mwanangu. Nani atajua?" Nikakataa. Nikampelekea Bibi, nikamwonyesha kitako. Akanyamaza kitambo, akipitisha kidole juu ya chokaa.

"Huu ni ukuta wa baba," akasema. Akatueleza jinsi nyumba yao ilivyobomoka upande mmoja, na baba yake akaling'oa kwa patasi ampe siku ya kuondoka. Nasi miaka yote hiyo tulimwuliza habari za masultani tu!

Mnunuzi alipoambiwa ukweli aliteremsha bei hata isitoshe dawa za wiki moja, na Bibi hata hiyo akaikataa. Deni tungali tukililipa kidogo kidogo. Mjomba hunijibu salamu, si zaidi. Bakuli liko juu ya kabati, limefudikizwa, kitako juu. Ndivyo Bibi anavyotaka.