Kabla ya Talaka ya Tatu: Tutazame Tunavyojibizana Nyumbani



Ndugu zangu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo napenda tuzungumze jambo linalovunja nyumba nyingi hapa Nakivale, nalo ni namna mume na mke wanavyojibizana. Nimepata ruhusa ya mdogo wangu na ya shemeji yangu kueleza yaliyowapata, kwa sharti la kutotaja majina, ili in shaa Allah wengine wafaidike.

Hali ilivyokuwa

Sisi ni watu wa Kongo, upande wa Kivu ya Kusini. Mdogo wangu na mumewe wanaishi karibu na Base Camp. Mimi ninasoma saikolojia Mbarara na narudi Nakivale mwisho wa wiki. Shemeji anaendesha bodaboda ya mtu, na kila jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye pikipiki kabla ya kufikiria ugali wa nyumbani kwake. Mwaka 2025 WFP ilipowaondoa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda katika orodha ya msaada kwa uhaba wa fedha, nyumba yao ilikuwamo. Tangu hapo ugomvi ukawa wa karibu kila siku. Talaka mbili zilikuwa zimeshatamkwa, na mara zote mbili alimrejea ndani ya eda. Wasomaji mnajua maana yake: imebaki moja tu, na watoto ni watatu.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema mke ana mdomo, wengine wakasema mume ana moyo wa jiwe, na wako waliosema wamerogwa. Maelezo hayo yote yana upungufu mmoja: hayamwambii mtu afanye nini kesho jioni.

Saikolojia ya tabia inasemaje

Katika miaka ya 1930 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alimweka panya ndani ya kisanduku chenye kijiti. Panya akikibonyeza anapata chakula, basi anakibonyeza tena. Jambo la ajabu lilionekana pale chakula kilipotolewa mara moja moja tu, bila mpango. Panya wa namna hiyo aliendelea kubonyeza muda mrefu hata baada ya chakula kukatwa kabisa. Funzo lake ni hili: tendo hukua au hufifia kwa kile kinacholifuata. Kwa hiyo tukitaka kuelewa tendo, tuulize mambo mawili: kabla yake kulitokea nini, na baada yake mtu alipata nini?

Mwaka 1969 Richard Stuart, Marekani vilevile, aliitumia elimu hii kwa wanandoa waliokaribia kuachana. Aliwataka waache kubishana nani mwenye makosa, na kila mmoja ataje matendo mema anayotaka mwenzake ayazidishe, kisha wayahesabu.

Daftari la wiki nne

Niliwapa daftari la shule. Kwa wiki nne kila ugomvi uliandikwa: saa, kilichotangulia, kila mmoja alifanya nini, na uliishaje. Ulipohesabiwa, magomvi yalikuwa 11, na 9 kati yake yalianza mlangoni, shemeji anaporudi jioni kabla hajala.

Mpangilio ulikuwa ule ule. Mke anauliza, "Umepata ngapi?" Mume ananyamaza. Anauliza tena, kimya. Mara ya tatu anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Hapo mume, kwa aibu, wakati mwingine anatoa shilingi 5,000. Wakati mwingine anaondoka kwenda kunywa chai kwa Wasomali mpaka usiku.

Mdogo wangu alisoma daftari akasema, "Yaya, nikimwuliza polepole ni kama naongea na ukuta. Nikipiga kelele ndiyo anasikia."

Na shemeji naye akasema, "Shemeji, nikitoka tu, kichwa kinapoa."

Ndugu msomaji, tazama jinsi walivyofundishana. Mume, kwa kutoa pesa baada ya kelele, alimfundisha mke kwamba upole haulipi. Na kwa kuwa kelele zililipa mara moja moja tu, zilikuwa ngumu kuachwa, kama yule panya. Mke, kwa kelele zake, alimfundisha mume kwamba raha iko nje ya nyumba. Hakuna aliyekusudia. Kila mmoja aliona tendo la mwenzake, na jibu lake mwenyewe hakuliona.

Waliyokubaliana

1. Mume akifika atoe alichonacho kabla ya kuulizwa, hata kama ni 2,000, na aseme siku ilikuwaje.
2. Mke ampe maji akae, na mazungumzo ya pesa yasubiri mpaka wamekula.
3. Sauti ikipanda, pesa haitolewi mpaka ishuke; na ombi la upole lijibiwe hapo hapo, hata kama jibu ni "sina".
4. Anayetaka kutoka aseme atarudi lini, na arudi.

Wiki ya kwanza mambo yalizidi kuwa mabaya. Siku ya nne mdogo wangu alipiga kelele kuliko siku zote. Hili linajulikana: njia ya zamani ikiacha kulipa, mtu huikazania kwanza kabla ya kuiacha. Wengi hukata tamaa hapo. Shemeji alikaa kimya kwenye mkeka, sauti iliposhuka akajibu. Mwezi uliofuata magomvi yalikuwa 3.

Jingine lilijitokeza. Shemeji alisema kelele za mlangoni usiku zinamrudisha kwenye usiku ule walipofukuzwa kijijini, mwili unatetemeka kabla akili haijajua. Mwili hujifunza hofu kama mbwa wa Pavlov alivyojifunza kutoa mate kabla chakula hakijafika. Si lazima mtu abaki hivyo. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na wenzao, uliofanyika hapa hapa Nakivale kwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia. Washauri hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, na waliohudumiwa walipata nafuu kuliko wasiohudumiwa.

Tahadhari

Kwanza, mume si panya na mke si panya. Mpango huu ufanywe kwa uwazi na kwa ridhaa ya wote wawili. Anayemtuza mwenzake kwa siri ili amwendeshe, huyo anafanya hila, na hila ikigunduliwa huvunja uaminifu uliobaki.

Pili, haya si dawa ya kipigo. Mwanamke anayepigwa asiambiwe achunguze amemjibuje mumewe. Atafutiwe mahali salama, na taarifa ifike polisi na ofisi za ulinzi wa wakimbizi.

Tatu, dini yetu haikutuacha bila njia. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na hasira isipoondoka alale. Huko ni kubadilisha hali ya mwili kabla tendo halijatoka. Na Suratun-Nisaa, aya ya 35, inaagiza msuluhishi kutoka jamaa za mume na mwingine kutoka jamaa za mke. Wasuluhishi hao wakija na daftari mkononi, watakuwa na cha kuzungumza zaidi ya lawama.

Pesa bado ni haba katika nyumba ile, na bodaboda bado ni ya mtu. Talaka ya tatu haijatamkwa. Kila nyumba inaweza kununua daftari moja na kuanza jioni ya leo.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu na huruma. Wabillahi tawfiq.