Kipenga na Kamera

Kazi ya kuamua baina ya watu wawili ni nzito kuliko kazi ya kushindana. Mshindani ana upande wake na watu wake wa kumshangilia; mwamuzi hana upande wala mshangiliaji. Akiamua vema, sifa humwendea aliyeshinda. Akiamua vibaya, lawama zote humrudia yeye. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na katika mpira wa miguu ngozi ya ngoma huvutwa na maelfu ya mikono kwa wakati mmoja. Mwamuzi ndiye asimamaye katikati ya ngozi hiyo.

Nakaa Umoja, mtaa wa mashariki ya Nairobi ulioanza kujengwa katika miaka ya 1970. Jumamosi jioni fundi huacha nyundo, makanga huacha gari, na mwanafunzi, nasikitika kusema, huacha kitabu, wote wakaingia katika vyumba vya kuonyeshea mpira, penye viti vya plastiki na televisheni moja ukutani. Kwa ada ndogo mlangoni twatazama timu za Uingereza ambazo wengi wetu hatutaziona ana kwa ana hata siku moja, na twagombana kwa ajili yao kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Ni katika vyumba hivi nilimoona jinsi mtambo wa video, uitwao VAR, ulivyobadili si mchezo tu, bali na tabia ya watazamaji.

Mtambo huu haukuzuka bure. Mwaka 1966, katika fainali ya Kombe la Dunia uwanjani Wembley, mpira wa Geoff Hurst uligonga mwamba wa juu ukaanguka karibu na mstari. Mshika kibendera Tofiq Bahramov akasema ni bao, na Wajerumani wameulalamikia uamuzi huo miaka yote. Mwaka 1986, huko Mexico, Diego Maradona aliwafunga Waingereza kwa mkono, na mwamuzi kutoka Tunisia, Ali Bin Nasser, hakuuona mkono huo. Mwaka 2010, mjini Bloemfontein, zamu ya Waingereza ilifika tena: mpira wa Frank Lampard ulivuka mstari wa lango la Ujerumani kwa umbali ambao hata mtoto aliuona katika televisheni, lakini bao likakataliwa. Hapo subira ya dunia iliisha. Mwaka 2012 sheria iliruhusu vyombo vya kupima kama mpira umevuka mstari wa lango, na mwaka 2018 mwamuzi wa video akaingia katika sheria za mchezo, akatumika Urusi katika Kombe la Dunia la mwaka huo huo.

Sheria yenyewe ni ya kiasi kuliko wengi wanavyodhani. Iliwekwa kwa mambo manne tu: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenziwe. Tena kosa sharti liwe dhahiri. Mtambo haukuletwa ili kuondoa kila shaka duniani. Uliletwa ili kuondoa aibu kubwa. Na kwa hakika umeondoa nyingi. Mkono kama ule wa Maradona haungepita leo mbele ya kamera zote zile. Mwenye kusema kwamba video haina faida hasemi kweli.

Lakini chombo ni chombo, na mwenye kukishika ni mtu. Tarehe 31 Mei 2019, huko Radès karibu na Tunis, Espérance na Wydad Casablanca zilikutana katika mchezo wa marudiano wa fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Wydad walisawazisha kwa kichwa cha Walid El Karti. Bao likakataliwa kwa madai ya kuotea. Wakaomba video itazamwe, wakaambiwa kwamba mtambo haufanyi kazi. Walikataa kuendelea, na usiku ule kombe la Afrika likapata mwenyewe bila mchezo kumalizika. Kesi ikasafiri hadi mahakama ya michezo huko Uswisi. Fikiri, msomaji: kama mtambo usingekuwapo kabisa, ingalikuwa ni malalamiko ya kawaida. Ulipoahidiwa kisha ukakosekana, kosa la mshika kibendera likawa dhuluma machoni pa watu.

Tarehe 30 Septemba 2023 mtambo ulikuwa mzima na makosa yakatendeka vilevile. Luis Díaz wa Liverpool alifunga dhidi ya Tottenham, kibendera kikainuka. Waamuzi wa video walitazama, wakaona wazi kwamba hakuotea. Ila walidhani kwamba uwanjani bao limekubaliwa, wakasema ukaguzi umekwisha, na mchezo ukaendelea bila bao. Kamera iliona sawa, macho yakaona sawa, ulimi ukapotosha. Chama cha waamuzi kikakiri kosa. Matokeo yakabaki vile vile, Tottenham mbili, Liverpool moja.

Hata hesabu ya darasani yatufundisha unyenyekevu. Ikiwa kamera yapiga picha 50 kwa sekunde, kila picha yatengwa na ya pili yake kwa sehemu ya hamsini ya sekunde. Mchezaji akimbiaye mita nane kwa sekunde huenda sentimita 16 katika muda huo. Basi anapohukumiwa kwa upana wa kidole, yafaa tujiulize kama ni jicho la mtambo lililoona, au ni mkono wa mtu uliochagua picha.

Lipo pia jambo ambalo kamera ya uwanjani haiwezi kuliona kamwe, nalo ni moyo. Mwaka ule ule wa 2018, Aden Marwa, mshika kibendera kutoka Kenya, alikuwa ameteuliwa kwenda Urusi. Siku chache kabla ya safari, filamu ya mwandishi wa habari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ilimwonyesha akipokea dola 600 kutoka kwa mtu aliyejifanya mkuu wa mpira. Akajiondoa katika mashindano. Kombe lililoletewa mtambo wa kusahihisha macho ya waamuzi likamkosa mwamuzi wetu kwa jambo lisilohusu macho hata kidogo.

Sasa nirudi mtaani, maana hapa ndipo shida ilipo. Katika viwanja vya Eastlands hakuna video. Viwanja vingine havina nyavu, na mistari huchorwa kwa chokaa ikipatikana. Mwamuzi ni kijana aliyehudhuria mafunzo ya siku chache, naye hulipwa nauli na chakula. Jumapili moja nilimwona kijana kama huyo akikataa bao kwa kuotea. Mara akazingirwa. Mtu mzima, mwenye mvi, akamnyoshea kidole akisema, "Kijana, nenda ukatazame tena! Kwenye televisheni wangetazama tena." Kijana alisimama wima, jasho likimtiririka, akajibu, "Mzee wangu, nitazame wapi? Mimi nina macho mawili na kipenga kimoja." Baadhi walicheka, na kicheko kile kilimwokoa. Wengine walikuwa wameshika mawe.

Maneno yale yamenikaa moyoni. Televisheni imetuletea Umoja desturi ya kutoliamini jicho la mtu, wala haikutuletea chombo cha kuchukua mahali pake. Tumejifunza kudai marudio, hatukujifunza kumheshimu asiye na marudio. Hasira ya watazamaji si mpya. Machi 2012, uwanjani Nyayo, mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards ulisimama kwa muda baada ya mchezaji wa Gor kupewa kadi nyekundu, na viti vikang'olewa. Ila zamani mtu alisema, "Refa hakuona." Siku hizi asema, "Refa ameiba." Kati ya maneno hayo mawili kuna umbali mkubwa, kwa kuwa la kwanza humsamehe binadamu, na la pili humhukumu bila ushahidi.

Wala hatuupendi mtambo wenyewe ukitugeukia. Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, Kenya ilibaki na wachezaji kumi dhidi ya Angola na tena dhidi ya Moroko. Sheria ile ile tuliyoisifu ilipoziadhibu timu za ng'ambo, tuliiita uonevu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nini basi kifanyike? Mitambo na ije, ikiwa fedha zipo. Lakini kabla ya kununua kamera moja, wafundishwe waamuzi mia. Walipwe ujira wa kuwatosha, ili bahasha isiwe na nguvu juu yao. Walindwe wanapotoka uwanjani. Na anayekosa asahihishwe kwa haki, si kwa mawe. Mwamuzi hodari asiye na mtambo atakosea mara chache. Mtambo mzuri mikononi mwa asiye mwaminifu utapotosha mara nyingi, tena kwa ushahidi wa picha.

Nanyi vijana mnaosoma insha hii, wachache wenu mtakuwa wachezaji, lakini karibu wote mtakuwa waamuzi siku moja: kiranja darasani, mzazi nyumbani, mwenyekiti wa chama, hakimu mahakamani. Hamtakuwa na video ya kila neno na kila tendo. Mtaamua kwa macho mawili, na walio mbele yenu watawaamini au watawakana kwa kadiri ya uadilifu wanaoujua kwenu tangu zamani. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Na asiyeweza kustahimili kosa la mwaminifu atajikuta siku moja ametawaliwa na ujanja wa asiye mwaminifu.